Onyo Bila Spea: Taa ya Upepo wa Tairi na Suala la Pancha Migori na Homa Bay

Katika miongo miwili iliyopita watengenezaji wa magari wamefanya mabadiliko mawili kuhusu tairi ambayo kwa kawaida hujadiliwa kila moja peke yake, ingawa yanapaswa kutazamwa pamoja. Badiliko la kwanza ni kuwekwa kwa mitambo inayopima upepo wa matairi na kuwasha taa kwenye dashibodi upepo unapopungua kupita kiwango fulani. La pili ni kuondolewa kwa tairi la akiba, ambalo madereva wa Kenya huliita spea, na mahali pake kuwekwa chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, au matairi maalumu yanayoweza kwenda umbali mfupi bila upepo. Mabadiliko haya yalibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo dereva akikwama hupiga simu, gari la kukokota likaja, na karakana yenye vifaa ikampokea siku hiyohiyo. Yanapofika katika kaunti za Migori na Homa Bay, aghalabu ndani ya gari lililokwisha kutumika Japani au Uingereza kwa miaka kadhaa, huwa yameachana na huduma zilizoyapa maana. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba, kwa upande wa matairi, gari la kisasa limemwongezea dereva habari na kumpunguzia uwezo wa kuzifanyia kazi, na kwamba thamani ya onyo katika eneo hili haitokani sana na mtambo unaolitoa bali na geji, spea na fundi vitakavyofuata baada yake.

Barabara, mizigo na vyanzo vya pancha

Magari ya kaunti hizi hupita katika barabara za aina tatu, na kila aina huliumiza tairi kwa namna yake. Aina ya kwanza ni barabara kuu ya A1, inayoanzia mpakani Isebania, ikapita Migori, Awendo na Rongo, kisha ikapanda hadi Kisii na kuteremka Ahero. Sehemu hiyo ya kilomita 172 imefanyiwa ukarabati mkubwa, na lami nzuri huruhusu mwendo wa kasi, jambo ambalo kwa tairi lenye upepo mdogo ni hatari kuliko mashimo ya zamani, kwa kuwa kasi ndiyo inayozalisha joto. Aina ya pili ni lami nyembamba zinazotoka Rongo kwenda Homa Bay, na kutoka Homa Bay kwenda Kendu Bay upande mmoja na Mbita upande mwingine, ambako kingo za lami zilizomomonyoka hukata pembeni mwa tairi kila gari linapolazimika kushuka ili kulipisha lori. Aina ya tatu ni barabara za murram zinazoingia kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder na Nyatike, mashamba ya miwa ya Awendo na Ndhiwa, na Bonde la Lambwe karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Huko tairi hukutana na mawe yenye ncha, miiba ya migunga, na udongo mweusi ambao wakati wa mvua hunasa gari na wakati wa kiangazi huacha mifuo migumu.

Mizigo nayo huongeza uzito wa suala lenyewe. Matrekta na malori hubeba miwa kwenda viwandani. Magari ya samaki huondoka Homa Bay, Mbita na Muhuru Bay yakiwahi masoko kabla barafu haijayeyuka. Na magari madogo kama Toyota Probox na Sienta hufanya kazi ya teksi za vijijini, mara nyingi yakiwa na abiria na mizigo kuzidi idadi yaliyoundiwa. Pancha ya mwiba huonekana kuwa bahati mbaya, lakini tairi linalopasuka likiwa limelemewa, tena lina upepo pungufu, limepitia hatua nyingi ambazo kila moja ingeweza kugunduliwa mapema. Kwa sababu hiyo inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya barabarani huyachanganya: kutobolewa kwa tairi, ambako kwa kiasi kikubwa hakuwezi kuzuiwa, na kupungua kwa upepo polepole, ambako karibu kila mara kunaweza kuzuiwa. Taa ya onyo ina faida kubwa zaidi katika jambo la pili, ilhali watu wengi huitarajia katika la kwanza.

Kazi ya upepo ndani ya tairi

Kinachobeba gari si mpira wa tairi bali ni upepo uliofungiwa ndani yake. Kila tairi huandikwa ubavuni nambari inayoonyesha uzito linaoweza kubeba likiwa limejazwa ipasavyo. Nambari 88, kwa mfano, ina maana ya kilo 560, na nambari 91 ina maana ya kilo 615. Upepo ukipungua, uwezo huo hupungua pia, na ubavu wa tairi huanza kukunjika na kunyooka katika kila mzunguko. Kukunjika huko huzalisha joto, joto hudhoofisha gundi inayoshikanisha mpira na mikanda ya chuma iliyomo ndani, na hatimaye tabaka la juu huweza kubanduka gari likiwa kwenye kasi. Mchakato huu huchukua saa au siku nyingi, kisha humalizika kwa sekunde moja, na ndiyo maana huhesabiwa kuwa ajali ya ghafla hata pale ambapo haikuwa ya ghafla.

Ugumu ni kwamba jicho halitoshi kuugundua upungufu huo. Matairi ya kisasa, ambayo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, hutuna kidogo ubavuni hata yakiwa na upepo kamili, hivyo tairi lililopoteza robo ya upepo wake laweza kufanana kabisa na lile lenye upepo wa kutosha. Desturi ya kulipiga tairi teke kabla ya safari, iliyozoeleka kwa madereva wa malori, hugundua tairi lililoisha upepo kabisa lakini haiwezi kutofautisha lililopungua kidogo na lililo sawa. Katika malori yenye magurudumu pacha tatizo huwa kubwa zaidi, kwani tairi la ndani likiisha upepo la nje hulibebea mzigo, na lile lililolegea hujisugua hadi kupata joto linaloweza kuwasha moto.

Halijoto na mwinuko pia hubadilisha kipimo. Ziwa Viktoria liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko juu zaidi kwa mita zaidi ya 500; gari linalopanda kutoka ziwani hadi huko huonyesha kwenye geji ongezeko la kilopaskali 6 hivi kwa sababu hewa ya nje imekuwa nyepesi. Kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo kinachoandikwa kwenye magari ya Japani, na kilopaskali 7 ni sawa na takriban pauni 1 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho mafundi wa Kenya hukitumia. Ongezeko hilo la mwinuko ni dogo, lakini la joto si dogo. Tairi linalotakiwa kuwa na kilopaskali 220, yaani takriban pauni 32, likijazwa kufikia kiwango hicho mchana mjini Homa Bay likiwa limefikia nyuzi 50 kutokana na safari, litapoa hadi nyuzi 18 alfajiri na kubaki na kilopaskali 190 hivi, bila kutobolewa wala kuvuja. Tena, kila tairi hupoteza kati ya kilopaskali 7 na 14 kwa mwezi kupitia mpira wenyewe. Kama taa imepangwa kuwaka kwenye kilopaskali 165, tairi hilo litafika hapo ndani ya miezi miwili hadi minne, na litafika alfajiri, wakati wa baridi. Dereva akianza safari tairi litapata joto, mgandamizo utapanda na taa itazimika, naye ataamini kwamba ilikuwa ni hitilafu ya umeme, kumbe ilikuwa imesema kweli.

Asili ya taa na mipaka yake

Mtambo wa kupima upepo uliwahi kuwa kitu cha anasa. Porsche iliuweka kwenye gari lake la 959 mwaka 1986, na kwa miaka mingi baadaye ulibaki kwenye magari ya bei kubwa. Kilichoufanya uwe wa kawaida ni sheria. Mwezi wa Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha kiwandani nchini Marekani matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye gari aina ya Ford Explorer, baada ya tabaka zake kubanduka na kusababisha vifo vingi. Na katika mjadala uliofuata, kiwango cha upepo kilichopendekezwa kwa gari hilo kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huohuo, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa nchini humo lilitakiwa kuwa na taa inayowaka upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa kudai mtambo huo katika aina mpya za magari ya abiria kuanzia Novemba 2012 na katika magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014.

Japani haikuweka sharti kama hilo kwa magari madogo ya soko lake la ndani, na jambo hili moja laeleza sehemu kubwa ya hali ilivyo Migori na Homa Bay. Magari mengi yanayoingia Kenya yakiwa yametumika hutoka Japani, hivyo Probox, Fielder au Demio inayopita Rongo kwa kawaida haina mtambo huo, ilhali gari la Kijerumani lililotoka Uingereza au gari la kifahari la Kijapani huwa nao. Dereva anayehama kutoka gari la kwanza kwenda la pili hukutana na alama ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa, na katikati yake alama ya mshangao, bila kuwa amewahi kuelezwa maana yake.

Sharti la asilimia 25 nalo linapaswa kueleweka vizuri. Taa haisemi kwamba upepo ni sawa inapokuwa imezimika; inasema tu kwamba upepo haujashuka kupita kikomo. Tairi lililopungua kwa asilimia 20 haliwashi taa ya namna hiyo, ingawa katika gari lililojaa abiria kupita kiasi, likienda kwa kasi kwenye lami ya A1 wakati wa jua kali, upungufu huo watosha kulipasha joto la hatari. Kiwango kilichopendekezwa kimekadiriwa kwa mzigo ulioruhusiwa. Gari likizidishiwa mzigo, kikomo cha taa hupoteza maana yake ya usalama. Kwa hiyo mtambo huu ni wa kuonya mwishoni, na hauwezi kushika nafasi ya geji, ambayo hupima hali halisi kabla ya kikomo kufikiwa.

Namna mbili za kupima

Mitambo iliyopo ni ya aina mbili, na makosa mengi ya kuifasiri hutokana na kutojua gari lina aina ipi. Aina ya kwanza hupima moja kwa moja. Ndani ya kila gurudumu, aghalabu kwenye shina la vali, hufungwa kihisi, yaani kifaa kidogo chenye betri kinachopima mgandamizo na joto na kutuma habari kwa redio. Kihisi hulala gari linaposimama na kuamka linapotembea ili kuhifadhi betri, ambayo hudumu kati ya miaka 5 na 10 na ambayo imefungiwa ndani kiasi kwamba ikiisha kihisi chote hubadilishwa. Vihisi vya soko la Ulaya hutumia masafa ya megahezi 433, na vile vya Marekani na Japani kwa kawaida megahezi 315, hivyo kihisi cha gari lililotoka Uingereza hakiwezi kuchukua nafasi ya kile cha gari lililotoka Japani hata kama vinafanana kwa umbo.

Aina ya pili haipimi upepo kabisa. Hutumia vihisi vya breki za kuzuia kuserereka, ambavyo tayari huhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo huwa na kipenyo kidogo zaidi, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko mengine kwa umbali uleule, na kompyuta ya gari hugundua tofauti hiyo. Mtambo wa namna hii, unaotumiwa sana katika magari ya Volkswagen na Audi, ni nafuu kwa kuwa hauna betri magurudumuni, lakini una udhaifu wake. Matairi yote manne yakipungua kwa usawa, ule wa kizamani hauoni tofauti yoyote. Gari likitembea kwenye murram ambako magurudumu huteleza mara kwa mara, ugunduzi huchelewa. La muhimu zaidi ni kwamba mtambo huu hufundishwa na dereva: baada ya kujaza upepo ni lazima abonyeze kitufe cha kuuambia kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi, na akikibonyeza ili kuizima taa tu, bila kujaza upepo, mtambo utakubali upungufu huo kuwa ndio kiwango, na hautaonya tena mpaka hali iwe mbaya zaidi.

Umri wa miaka minane

Kiwango cha Kenya cha KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Wanunuzi wengi huchagua magari yaliyo karibu na kikomo hicho kwa sababu ya bei. Ukilinganisha kikomo hicho na umri wa betri ya kihisi, matokeo ni dhahiri: gari lenye mtambo wa kupima moja kwa moja hufika bandarini Mombasa likiwa na vihisi vinavyokaribia mwisho wa maisha yake au vilivyokwisha kufa, na mnunuzi wa Migori hupata taa ambayo kazi yake kuu imekuwa kutangaza kifo chake yenyewe.

Mtambo hutofautisha upungufu wa upepo na hitilafu yake wenyewe, lakini kwa ishara ambayo wachache huijua. Taa ikiwaka na kubaki imetulia, upepo umepungua katika tairi mojawapo. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, mtambo wenyewe una hitilafu, mara nyingi kihisi kilichokwisha betri au gurudumu lililobadilishwa na kuwekwa lisilo na kihisi. Katika magari ya Japani ujumbe ulioandikwa kwenye kioo cha dashibodi huwa wa Kijapani, na hivyo ishara ya kupepesa ndiyo maelezo pekee ambayo dereva anaweza kuyasoma. Dereva asiyeijua huizoea taa iliyowaka siku zote, na kuizoea huko kuna madhara kuliko kutokuwa na taa kabisa, kwa sababu dereva wa Probox isiyo na mtambo hujua kwamba lazima apime, ilhali mwenye taa mbovu huamini kwamba kila kitu ni sawa kama jana.

Umri unahusu pia matairi yenyewe. Tangu kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi, kilichojulikana kwa matairi ya Yana, kilipofungwa mwaka 2016, soko limetegemea matairi yanayoagizwa kutoka nje. Ubavuni mwa kila tairi huandikwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililoingia na matairi yaliyofungwa likiwa jipya huenda lina mpira uliokauka na kupasuka nyufa ndogondogo, na upepo sahihi hauwezi kuurudishia nguvu mpira huo.

Spea iliyotoweka

Wakati taa ikiongezwa, spea ilikuwa ikipunguzwa. Hatua ya kwanza ilikuwa spea nyembamba ya muda, ambayo hujazwa hadi kilopaskali 420 na kuruhusiwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Na kwa kuwa hukaa kwenye buti kwa miaka bila kupimwa, mara nyingi hukutwa haina upepo siku inapohitajika. Hatua ya pili ilikuwa kuiondoa kabisa ili kupunguza uzito, kupata nafasi ya betri za magari mseto na kubana gharama. Magari kama Toyota Aqua, ambayo yamezoeleka Kenya kwa unafuu wa mafuta, huja na chupa ya gundi na pampu inayochomekwa kwenye tundu la umeme. Gundi hiyo huziba tundu dogo kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara, lakini haiwezi kuziba ubavu uliokatwa na ukingo wa lami wala tairi lililopasuliwa na jiwe la Nyatike. Ina pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka michache tu, hivyo chupa iliyokuja na gari la miaka minane imepitwa na wakati kama zilivyopitwa betri za vihisi.

Njia nyingine ni tairi lenye ubavu mnene linaloweza kubeba gari bila upepo kwa kilomita 80 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa gari la lami umbali huo watosha kutoka Migori hadi Kisii. Kwa gari lililoko ndani ya Bonde la Lambwe hesabu ni nyingine, kwa kuwa mashimo na mawe huuharibu ubavu usio na upepo mapema. Tairi hilo pia haliwezi kutambuliwa kwa jicho kuwa halina upepo, hivyo bila mtambo unaofanya kazi dereva huendelea kulitumia mpaka liharibike kabisa. Hapa ndipo utegemezi unapoonekana wazi: tairi hilo huhitaji kihisi, kihisi huhitaji betri, na betri huenda ilikwisha kabla gari halijavuka bahari.

Fundi wa pancha na mtambo mpya

Pengo linaloachwa na spea na vihisi hujazwa na fundi wa pancha. Karibu kila soko na kila njia panda kutoka Isebania hadi Oyugis pana kompresa, beseni la maji la kutafutia mapovu, jeki na vyuma vya kutolea tairi kwenye ringi, na huduma huanza alfajiri na kuendelea hadi usiku. Mtandao huu hauna mfano katika nchi zilizobuni chupa ya gundi, na kwa dereva wa hapa una thamani kuliko mtambo wowote wa dashibodi. Hata hivyo ulikua pamoja na matairi ya tyubu na ringi za chuma, na magari mapya yanaudai ujuzi wa ziada katika mambo matatu.

La kwanza ni namna ya kuziba. Kamba ya mpira inayosukumwa kwenye tundu kutoka nje bila kutoa tairi ni ya haraka na humfikisha dereva nyumbani, lakini viwango vya kimataifa huihesabu kuwa ya muda. Ukarabati wa kudumu hutaka tairi litolewe, likaguliwe ndani, kisha tundu lijazwe na kiraka kibandikwe upande wa ndani. Na hufanywa tu kwa tundu lisilozidi takriban milimita 6 lililo kwenye uso wa kukanyaga, kamwe si begani wala ubavuni. Ukaguzi wa ndani ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu tairi lililoendeshwa bila upepo huacha unga mweusi wa mpira uliosagika, dalili kwamba ubavu umekwisha kudhoofika na kwamba kiraka chochote kitakuwa kazi bure.

La pili ni kihisi. Chuma cha kutolea tairi kikiingizwa karibu na vali hukivunja, hivyo fundi anapaswa kuanza kubandua mbali na vali na kuuliza kwanza iwapo gari lina vihisi. Vali za alumini za vihisi hutaka sindano ya ndani iliyopakwa nikeli. Sindano ya kawaida ya shaba huungana nayo kwa kutu baada ya muda, na siku ya kuifungua shina zima hukatika. Gundi ya chupa nayo ikiachwa ndani huweza kuziba tundu la kihisi, kwa hiyo dereva aliyeitumia ni wajibu wake kumwambia fundi.

La tatu ni kipimo. Kibandiko kilichoko kwenye mlango wa dereva hutaja kilopaskali au kilo kwa sentimita ya mraba, ilhali geji ya kompresa husomwa kwa pauni, na geji nyingi zimepigwa jua na kudondoshwa kwa miaka. Mazoea ya kujaza kila gari pauni 35, au kuongeza zaidi kwa kuwa gari limepakia, huyapuuza maelezo ya kibandiko, ambayo mara nyingi hutenganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Geji ndogo inayomilikiwa na dereva, inayotumiwa asubuhi kabla tairi halijapata joto, husahihisha makosa ya taa na ya kompresa kwa pamoja.

Mwenendo taa inapowaka

Kutokana na maelezo haya, mwenendo unaofaa hautofautiani sana kati ya gari lenye mtambo na lisilo nao. Taa ikiwaka na usukani ukabaki mwepesi, dereva hupunguza kasi polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, akatafuta mahali tambarare nje ya barabara, akayakagua matairi yote, kisha akaenda taratibu hadi penye upepo na kujaza kulingana na kibandiko. Tairi lilelile likipungua tena katika siku chache, lina mwiba, vali inayovuja au ringi iliyopinda, na sharti lifunguliwe. Usukani ukivuta upande mmoja au mlio wa kupigapiga ukisikika, gari halipaswi kuendelea hata kwa umbali mfupi. Pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo kila gari Kenya hutakiwa kubeba, huwekwa mbele na nyuma kwa umbali unaompa dereva mwingine muda wa kusimama, hasa kwenye kona za kati ya Rongo na Kisii. Nati hulegezwa gari likiwa bado chini. Na jeki huwekewa ubao pale ambapo udongo ni laini, vinginevyo itazama mzigo unapoilemea.

Mpangilio wa vipaumbele

Swali la mwisho ni nini kinapaswa kutangulizwa katika kaunti hizi. Mjadala wa kimataifa huweka taa mbele, kwa kuwa huko mengine yote yapo. Migori na Homa Bay mpangilio unageuka. Spea kamili na vifaa vyake hutangulia, na mnunuzi wa gari lililokuja na chupa ya gundi hufanya vyema kuhesabu gharama ya spea kama sehemu ya bei ya gari. Geji hufuata, kwa kuwa ndiyo pekee inayogundua upungufu kabla haujafika kikomo cha taa. Taa huja ya tatu, na mwenye gari lenye vihisi vilivyokufa ana uchaguzi wa kweli kati ya kuvibadilisha na kukubali waziwazi kwamba gari lake halina mtambo, akalipima kwa mkono kila wiki. Kinachomdhuru ni kubaki katikati.

Taasisi nazo zina nafasi zao. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama husimamia ukaguzi wa magari na mafunzo ya madereva, na maana ya taa inayotulia na inayopepesa ni somo fupi linaloweza kuingizwa katika mafunzo hayo bila gharama. Serikali za kaunti, kwa upande wao, zimekabidhiwa na Katiba ya mwaka 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo ndivyo njia ya karibu ya kumfikia fundi wa pancha: kumfundisha kukagua tairi kwa ndani, kutenda kwa uangalifu kwenye vali yenye kihisi, na kusahihisha geji yake dhidi ya geji iliyothibitishwa. Mafunzo ya aina hiyo yangelinufaisha gari lenye mtambo na lisilo nao kwa kiwango kimoja, na yangedumu hata baada ya betri za vihisi vyote vilivyomo barabarani leo kuisha.